Kutenganisha flenji

Kutenganisha flenji ni kazi ya kulegeza bolti na kuachanisha pande mbili za maungio ya bomba, mara nyingi ili kuweka bamba la kuzibia. Flenji ni duara la chuma lenye matundu ya bolti mwishoni mwa bomba. Flenji mbili hukazwa pamoja, na gasketi iliyo katikati huzuia kuvuja. Hutumika viwandani, katika mabomba ya mafuta na gesi, na katika miradi ya maji.

Sababu za kuweka bamba

Vali iliyofungwa inaweza kupitisha kidogokidogo bila kuonekana, au kufunguliwa na mtu asiyejua kwamba wenzake wako kazini. Bamba zima la chuma likibanwa kati ya flenji huziba njia kabisa.

Katika nchi ya miinuko, kama wilaya za Karatu na Ngorongoro nchini Tanzania, maji yanayoshuka kwa bomba huwa na shinikizo hata pasipo pampu. Kila mita 10 za kimo huongeza takriban kilopaskali 100. Tangi likiwa mita 100 juu ya maungio, bamba linaloziba bomba la kipenyo cha milimita 100 husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilogramu 800.

Hatua za kazi

1. Vali hufungwa, hutiwa kufuli na kuwekewa lebo.
2. Bomba humwagwa maji au gesi yake, na shinikizo huhakikishwa limekwisha.
3. Bolti za upande ulio mbali na fundi hulegezwa kwanza bila kutolewa, ili kilichobaki ndani kisimrukie.
4. Flenji hutanuliwa kwa kabari au jeki maalumu. Vidole haviingizwi katikati.
5. Bamba huwekwa pamoja na gasketi mpya, kisha bolti hukazwa kwa zamu, upande huu na ule wa mkabala.

Ajali ya Piper Alpha

Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, vali ya usalama ya pampu moja ilikuwa imeondolewa kwa matengenezo. Mahali pake palifunikwa kwa bamba ambalo halikukazwa vya kutosha. Wafanyakazi wa zamu ya usiku, wasiojua hayo, waliwasha pampu. Gesi ikavuja na kulipuka. Watu 167 walikufa. Tangu hapo mkazo zaidi umewekwa kwenye vibali vya kazi vya maandishi, ambavyo zamu moja huikabidhi nyingine.