Tembo la Mnazi na Jina Lake

Wengi wadhani tembo hutoka katika nazi. Sivyo: hutoka katika ua. Mgema hulifunga karara lisipate kufunuka, hulikata ncha kwa kotama asubuhi na jioni, na maji yake hudondoka kibuyuni. Likigemwa ni tamu. Baada ya saa chache huchachuka lenyewe, na likikaa siku kadhaa huwa siki.

Lugha nayo yatunza habari za kale. Neno mvinyo twalipata kwa Wareno, waliofika Mombasa mwaka 1498. Divai ni la Kifaransa. Yote mawili yalikuja pamoja na kinywaji cha zabibu za ng'ambo. Lakini kugema ni neno la Kibantu, nalo latushuhudia kwamba ufundi huu haukungoja wageni.

Basi, tuwafundishapo watu hasara ya ulevi, tusimdharau mgema, maana kazi yake ni elimu ya wazee. Yatosha kuwakumbusha jambo walijualo wenyewe: karara lililogemwa halizai nazi. Mwenye mnazi na achague, anywe leo au ale kesho.