Sanamu dhahania za jiwe la Kisii

Sanamu dhahania za jiwe la Kisii ni kazi za uchongaji zisizonakili sura ya mtu au mnyama kama alivyo; maana yake hubebwa na mviringo, pengo na mkunjo wa jiwe. Kitovu chake ni Tabaka, Mugirango Kusini, katika Kaunti ya Kisii, kwenye machimbo ya mawe ya sabuni. Kabla ya soko la watalii, Wagusii walichonga jiwe hili kuwa mabakuli, viko vya tumbaku na bao la kuchezea. Katika miamba ya Goti Chaki, karibu na Tabaka, kuna michongo ya kale ya miduara iliyozungukana na vishimo vidogo. Umbo lisilo na sura, basi, halikuletwa huko na wageni.

Jiwe lenyewe huelekeza mkono. Likiwa bichi, lenye maji ya ardhini, hukatika kwa panga na kisu, likikauka hukakamaa. Sehemu nyembamba huvunjika upesi, ndiyo maana katika sanamu za familia mikono haitokezi nje bali hupinda na kurudi mwilini, watu watatu au wanne wakishikamana katika kipande kimoja. Rangi ni nyeupe, ya waridi, ya manjano au ya kijivu, na mishipa yake huonekana baada ya jiwe kusuguliwa kwa msasa na maji, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na wanawake.

Mchongaji anayejulikana zaidi ni Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka aliyesomea sanaa Chuo Kikuu cha Makerere. Sanamu yake ya Ndege wa Amani iko makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Majengo hayo, yaliyofunguliwa mwaka 1958, yalisanifiwa na Marcel Breuer, Pier Luigi Nervi na Bernard Zehrfuss, na ni miongoni mwa kazi zilizoandaa njia ya ubrutalisti, mtindo wa ujenzi unaoacha zege bila lipu wala rangi. Kazi za Picasso, Miró na Henry Moore nazo zimo humo. Ndege huyo anastahili kabisa kuwa katika kundi hilo. Ukuta wa zege na jiwe la Tabaka vyote hudai kuonekana kama vilivyo, ila zege hubaki na alama za mbao lilimomiminwa, ilhali msasa hufuta alama zote za panga.

Sehemu kubwa ya jiwe la Tabaka leo huishia kuwa sahani, vibweta na wanyama wadogo waliopakwa rangi kali, wanaouzwa haraka. Rangi hiyo huficha mishipa ya jiwe, na hiyo ni hasara kubwa. Sanamu dhahania kubwa ni chache kwa sababu zinahitaji bonge zima lisilo na ufa, na bonge la namna hiyo hung'olewa kwa mtaimbo na sururu, kisha hubebwa na watu wengi hadi barabarani.