Furu wa Ghuba ya Mwanza na Matangi ya Kioo

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Ziwa Victoria methali hiyo ilipinduka: mgeni alineemeka, mwenyeji akaangamia. Mgeni ni sangara, aliyetiwa ziwani upande wa Uganda mwaka 1954, kisha akaongezwa Entebbe na Kisumu mwaka 1962 na 1963. Mwenyeji ni furu, samaki mdogo mwenye miiba mingi, ambaye aina zake, zisizokuwako mahali pengine duniani, zilikadiriwa kufika 500.

Ghuba ya Mwanza huingia nchi kavu kuelekea kusini. Ng'ambo yake ya magharibi, kupita Sengerema, yapo machimbo ya dhahabu ya Geita. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 furu walikuwa zaidi ya sehemu nne katika tano za uzito wa samaki wa vilindini. Wingi wao uliwafanya wadharauliwe, hata wakasagwa kuwa chakula cha mifugo. Mwaka 1977 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza. Kazi haijaisha, sangara akafurika ghubani katika miaka ya 1980. Aina 200 hivi zadhaniwa kupotea, na baadhi zilipotea kabla hazijapewa jina.

Miongoni mwa zilizopata jina ni ile iliyoitwa *nyererei* mwaka 1985, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Leo samaki huyo hufugwa katika matangi ya kioo majumbani Ulaya na Marekani, na aina nyingine kadhaa za furu zimehifadhiwa vivyo hivyo na wafugaji na vituo vya wanyama.

Kazi hiyo ina adabu yake. Afugaye matumbawe hukiweka kipandikizi kwanza chini, penye nuru hafifu, akakipandisha kidogo kidogo. Tena huacha nafasi kati ya kimoja na kingine, maana majirani hao huchomana kwa sumu. Afugaye furu naye hupanga mawe ili mnyonge apate pa kujificha, huyabadili maji kwa kiasi, wala hamsumbui jike, ambaye huatamia mayai kinywani majuma mawili au matatu. Zaidi ya yote, haziweki pamoja aina mbili zinazofanana, zisije zikachanganya damu.

Sharti hili la mwisho lina fundisho kubwa. Ziwa halina kuta za kioo. Ni kitu gani basi kilichozitenga aina hizo? Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba jike humchagua dume kwa rangi, na rangi huhitaji maji maangavu. Maji yakichafuka, mwekundu na wa buluu hawatambulikani sawasawa, na nasaba huchanganyika. Tangi hutenga kwa kioo. Ziwa lilitenga kwa nuru. Basi furu alipata maadui wawili: kinywa cha sangara na giza la maji.

Giza hilo hutoka nchi kavu. Udongo uliochukuliwa na mvua na taka za miji hurutubisha mwani, na mwani huziba nuru. Pembeni mwa Geita, wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki, na zebaki hiyo huingia katika udongo na vijito. Wala jambo hili si la samaki peke yao. Tangu mwaka 2009 maji ya ziwa huvutwa kutoka Ihelele kwa bomba hadi Kahama na Shinyanga. Maji yaliyowatia furu gizani ndiyo chanzo cha maji anayochota mama wa Shinyanga baada ya kusafishwa.

Tangi limetenda wema mkubwa, lakini wema wake una mpaka. Samaki wachache wakizaana vizazi vingi, damu yao hufifia. Nao wasiojua adui wala njaa hawafanani tena na babu zao. Kioo huhifadhi mbegu, hakihifadhi makao.

Shinyanga imepata kuonyesha njia nyingine. Tangu mwaka 1986, kwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, wananchi walirudisha ngitili za jadi: malisho yalifungwa, na miti mingi ikachipuka yenyewe kutoka visiki na mizizi iliyodhaniwa kufa. Ghubani nako, sangara alipopunguzwa na nyavu katika miaka ya 1990, baadhi ya furu walionekana tena, ingawa wengi hawakurudi. Kilichobaki hai hujiinua kikipewa mahali. Mwenye tangi ng'ambo ya bahari aweza kumtunza *nyererei* mpaka siku ya kumrejesha. Lakini siku hiyo haitakuwa na maana ila ghuba iwe na nuru ya kumpokea, na nuru hiyo hulindwa na mkulima na mchimbaji, si na mwenye tangi.