Mwenye Funguo za Jumamosi

Nilipokuwa mwaka wa pili, chuo chetu binafsi kilifunga geti saa nne usiku. Aliyechelewa alilala anakojua mwenyewe. Kwa hiyo Jumamosi zetu hazikuwa chuoni. Zilikuwa kwenye nyumba ya kupanga ya vijana watatu wa mwaka wa mwisho, mwendo wa dakika kumi kwa bajaji. Bia walinunua wao, spika zilikuwa zao, na funguo za mlango wa mbele zilikaa mfukoni mwa mmoja wao. Usiku mmoja rafiki yangu alitaka kuondoka saa sita. Akaambiwa, "Dada, mbona haraka? Subiri kidogo." Akaambiwa hivyo mara tatu. Funguo zikapatikana saa nane. Hakuna aliyemgusa, lakini hakurudi tena pale, na sisi tuliobaki tulimwita mshamba.

Niliukumbuka usiku ule miaka mingi baadaye, nikisoma historia ya Dartmouth, chuo binafsi kilichoko katika mji mdogo wa Hanover, jimbo la New Hampshire, Marekani. Nilianza kuisoma kwa ajili ya vituko, maana chuo hicho kinasifika kwa pati kama kinavyosifika kwa masomo. Nikakuta kwamba kwa muda mrefu mno wamekuwa wakigombania kitu kilekile kilichokuwa mfukoni mwa yule kijana.

Chuo kilianzishwa mwaka 1769 kwa hati ya mfalme wa Uingereza. Mwaka 1816, nchi ikiwa imeshajitawala, bunge la jimbo lilitaka kukifanya cha umma. Wadhamini wake wakagoma na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Wakili wao alikuwa Daniel Webster, mhitimu wa palepale. Mwaka 1819 Jaji Mkuu John Marshall aliamua kwamba hati ile ni mkataba, na jimbo halina haki ya kuuvunja. Hukumu hiyo ni moja ya sababu vyuo binafsi vya Marekani vina nguvu vilivyonayo leo. Maana yake kwa lugha ya kawaida: hapa ni kwetu, serikali ibaki nje.

Wanafunzi nao wakajifunza kusema hivyohivyo. Kuanzia miaka ya 1840 vilichipuka pale vyama vya udugu, vyama vya siri vya wavulana vyenye majina ya herufi za Kigiriki. Baadaye vikapata nyumba, nyingi zikimilikiwa na wahitimu wa vyama hivyo wala si na chuo. Ikawa chuo ni mali binafsi mbele ya jimbo, na nyumba ni mali binafsi mbele ya chuo.

Jiografia ikasaidia. Boston iko karibu kilomita 200 kutoka Hanover, na majira ya baridi ni marefu. Asiyetaka kukaa chumbani na vitabu Jumamosi usiku aliteremka kwenye chumba cha chini ya moja ya nyumba zile. Mwaka 1911 wanafunzi walianzisha tamasha la majira ya baridi, kwanza kwa michezo ya theluji, kisha dansi zikakua kuliko michezo. Chuo kilikuwa cha wanaume peke yao, hivyo wasichana waliletwa kwa treni kutoka vyuo vingine. Mmoja wao alichaguliwa malkia wa theluji. Lakini hata malkia alikuwa mgeni: alikuja kwa mwaliko wa mtu na kuondoka kwa ratiba ya treni.

Hollywood ikapenda hadithi hiyo. Mwaka 1939 mwandishi F. Scott Fitzgerald alipelekwa Hanover pamoja na kijana Budd Schulberg, mhitimu wa chuo hicho, ili waandike filamu kuhusu tamasha. Fitzgerald, aliyekuwa akipambana na ulevi, alilewa wikendi nzima na akafukuzwa kazi. Filamu ikatoka bila yeye. Mwaka 1978 ikatoka nyingine, Animal House, na mmoja wa walioiandika, Chris Miller, alichota visa kutoka kwenye nyumba ya Alpha Delta alikoishi Dartmouth. Fujo ambayo chuo kingine kingeifunika kwa aibu, hapa iligeuka urithi wa kujivunia.

Kati ya filamu hizo mbili lilitokea jambo kubwa zaidi: mwaka 1972 chuo kilipokea rasmi wanafunzi wa kike. Ili kuwaongeza bila kupunguza wavulana, masomo yalipangwa mwaka mzima, watu wakiingia na kutoka kwa mihula. Muhula huu rafiki yako yupo, ujao hayupo. Katika hali hiyo, mahali ambapo taa huwaka kila wikendi bila kubadilika pana nguvu kubwa, na mahali hapo palikuwa nyumba za wavulana. Chache zilifungua uanachama kwa jinsia zote. Nyingi hazikufungua. Mwaka 1975 wimbo wa kuwatukana wasichana wa chuo ulishinda katika mashindano ya nyimbo ya nyumba hizo. Msichana sasa alilipa karo ileile na kufanya mtihani uleule, lakini ikifika Jumamosi alirudi kuwa mgeni.

Sheria mbili zikakaza hali hiyo. Ya kwanza ilitoka Washington mwaka 1984: jimbo lisilopandisha umri wa kununua pombe hadi miaka 21 lingepunguziwa fedha za barabara. Wanafunzi wengi wakawa hawawezi tena kunywa baa, hivyo pombe ikahamia zaidi kule chini. Ya pili ni ya vyama vya wasichana vyenyewe. Cha kwanza pale kilianza mwaka 1977, lakini vyama vingi vya aina hiyo vya kitaifa vinakataza pombe katika nyumba zao. Wasichana wakawa na nyumba, ila pati ikabaki kwa wavulana.

Mwaka 1988 chama kile cha kwanza kilijitoa katika chama chake cha kitaifa, kikajiita Sigma Delta na kujipangia taratibu zake. Kikaweza kufanya pati yake, wasichana wakisimama mlangoni na wasichana wakimimina bia. Kwa macho ya haraka ni jambo dogo. Lakini anayesimama mlangoni ndiye anayeamua nani aingie, nani ametosha kulewa, na nani afunguliwe mlango saa sita akitaka kwenda kulala.

Wakuu wa chuo nao walijaribu. Mwaka 1999 wadhamini walitangaza mageuzi ambayo wengi waliyaelewa kuwa ni kuvimaliza vyama hivi, wanafunzi wakaandamana, na vyama vikabaki. Mwaka 2015 Rais wa chuo, Philip Hanlon, ambaye ujanani alikuwa mwanachama wa Alpha Delta, alipiga marufuku pombe kali. Mwaka huohuo Alpha Delta ikapoteza utambuzi wa chuo baada ya kubainika kwamba baadhi ya wanachama walichomwa alama mwilini. Wenye nyumba walidai wana haki ya kuendelea kuishi humo. Mji ukasema kanuni zake zinataka nyumba ya aina hiyo iwe chini ya chuo. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya jimbo na wenye nyumba wakashindwa. Zaidi ya miaka 190 baada ya Webster, "hapa ni kwetu" haikutosha.

Nikirudi kwetu, naona mjadala wa starehe za wanachuo unaanza na kuishia kwenye pombe na mavazi. Chuo chetu kiliamini kwamba kufunga geti saa nne kumemaliza jambo. Kilichofanya ni kutukabidhi kwa mtu mwingine mwenye mlango, ambaye hakuwa na mlezi wa wanafunzi wala daftari la malalamiko. Nasi tukakubali kuwa wageni wake kwa sababu bia ilikuwa ya bure.

Juzi nilimuuliza rafiki yangu kama anaukumbuka usiku ule. Anaukumbuka vizuri. Yule kijana wa funguo amemsahau hata sura. Anachokumbuka ni kwamba mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, na nilicheka.