Habari za Mto Mirongo na Mafuriko ya Mabatini

Mtu apitaye Mabatini wakati wa kiangazi, akasimama darajani kuutazama Mto Mirongo, ataona kijito chembamba chenye maji meusi, kimejaa mifuko na makopo, nao watoto hukiruka kwa hatua moja. Watu wengi wa mjini hawauiti mto, wauita mfereji. Walakini ikija mvua kubwa, mfereji huo huwa mto kweli, ukaingia majumbani bila hodi, ukalowesha magodoro na unga na madaftari ya watoto, na watu wakasimama usiku juu ya meza wakingoja kuche.

Nimeombwa niandike habari za maji hayo katika kitabu hiki cha Jubilei, nami nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza nimefundisha katika bonde lile miaka mingi. Pili nina deni juu ya mto huo, nami nitalieleza mahali pake.

Wazee wa Kisukuma waliigawa nchi kwa majina, tangu juu hata chini. Juu kabisa ni luguru, mlima wa mawe. Chini yake ni luseni, mchanga mwepesi utokanao na mawe yale yale, mahali pa nyumba na mihogo. Kisha huja itogolo, nchi ngumu ya malisho. Na chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi upasukao wakati wa jua na kunata miguuni wakati wa mvua. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo, Mwingereza aliyeitwa Geoffrey Milne, aliutazama mpango wa namna hiyo katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, akaupa jina la Kilatini, katena, yaani mnyororo. Na jina hilo lafundishwa hata leo ulimwenguni kote. Lakini mchungaji wa ng'ombe wa Kisukuma alikuwa akiujua mnyororo huo bila kitabu. Alijua ya kuwa tone la mvua lililoanguka juu ya jiwe halina budi kushuka hata mbugani, na kwa hiyo mbugani alipanda mpunga na kulisha mifugo, akajenga nyumba yake juu, karibu na mawe.

Sasa angalieni majina ya mji wetu. Kata iliyo jirani na Mabatini yaitwa Mbugani. Je, mwenye kutafuta kiwanja alitaka aambiwe nini zaidi? Jina lenyewe ni tangazo. Ila waliokuja kukaa hapo walikuwa wametoka nchi nyingi, na kwao mbuga ni neno tu, si onyo. Na Mabatini ni mahali pa mabati. Jina la kwanza lataja udongo, la pili lataja paa. Katika majina hayo mawili imo nusu ya habari yangu.

Nisiwasifu wazee kupita kiasi. Hofu yao kubwa ilikuwa jua, si maji. Mtemi aliulizwa habari za mvua ilipokosekana, na mtemi aliyeshindwa na ukame aliweza kuondolewa katika kiti chake. Mvua nyingi walizihesabu kuwa baraka, hata zilipobomoa daraja la miti.

Kuna maji mengine ambayo watu huyachanganya na haya, nayo ni maji ya ziwa. Mapadre Weupe wa kwanza walifika Kageye, kando ya ziwa, mwishoni mwa mwaka 1878, na misioni ya Bukumbi ikaanzishwa mwaka 1883. Wataalamu waliokusanya barua na habari za wasafiri na za wamisionari wa zamani zile wametambua kwa maandiko hayo ya kuwa ziwa lilikuwa limepanda sana karibu na mwaka 1878, kisha likashuka. Hao waandishi walitaja maji kwa ajili ya mitumbwi na mizigo yao tu, wala hawakudhani ya kuwa watu wa baadaye wangeyasoma maneno yao kama kipimo. Tangu mwaka 1896 kimo cha ziwa kimeandikwa kwa vipimo upande wa Uganda.

Ndipo ikaja vuli ya mwaka 1961, vuli ile ile ambayo Tanganyika ilipata uhuru wake. Mvua ilinyesha kupita desturi, na ziwa likaanza kupanda. Likapanda tena mwaka uliofuata na mwaka wa pili, hata kufika Mei 1964 lilikuwa limepanda karibu mita 2 na nusu. Mashamba ya pwani yakafunikwa, na magati ya meli yakaingiliwa na maji. Mwaka 2006 ziwa likashuka sana, na watu wakaisogelea nchi iliyoachwa kavu kana kwamba ni yao ya milele. Lakini Mei 2020 kipimo cha Jinja kilionyesha mita 13.42, kikaupita kidogo ule mwaka wa 1964 uliokuwa na 13.41, na Mei 2024 kikafika 13.66. Sababu yake si siri. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa, karibu sehemu 80 katika 100, ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, na njia ya kutokea ni moja tu, yaani Mto Nile pale Jinja.

Basi ziwa hupanda polepole. Mvuvi aweza kuweka jiwe ufukoni leo na kulitazama mwezi ujao. Mwenye nyumba ana nafasi ya kung'oa milango na mabati yake, akahama na mali yake, ingawa kwa machozi. Mafuriko ya Mabatini si hayo. Maji ya Mabatini hayapandi kutoka ziwani. Hushuka kutoka milimani, na hushuka kwa muda mfupi kuliko muda wa kupika ugali na kuula. Nimewasikia watu wakisema, "Ziwa limetulia mwaka huu, hatuna hofu." Maneno hayo ni ya hatari, kwa maana ziwa na mto havikuahidiana kitu.

Kwa nini mto umekuwa mkali hivi? Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na mji ukaanza kukua. Hata hivyo mwaka 1967 watu wa mji walikuwa karibu 35,000 tu. Katika hesabu ya mwaka 2022 Wilaya ya Nyamagana peke yake ilikuwa na watu 594,834, na Ilemela 509,687, jumla yao 1,104,521. Nchi haikuongezeka. Wengine walipanda juu ya mawe, wengine wakashuka bondeni, na hao wawili wamefungwa pamoja na maji.

Walimu wapendao hesabu na wawape watoto hesabu hii. Mamlaka ya Hali ya Hewa huiita mvua kubwa ile izidiyo milimita 50 katika saa 24. Milimita 50 juu ya mita moja ya mraba ni lita 50. Nyumba ndogo yenye paa la mita 8 kwa 5 hupokea lita 2,000, yaani ndoo 100 za lita 20. Nyumba elfu moja za namna hiyo mlimani ni ndoo 100,000. Zamani sehemu ya maji hayo ilinywewa na luseni na mizizi ya miti. Sasa bati halinywi, saruji hainywi, na jiwe halikunywa tangu mwanzo. Ndoo zote zatupwa bondeni kwa mara moja, katika mfereji ambao watu wameufinya kwa kuta na kuuziba kwa taka. Kisha maji hayo hupita katika vyoo, na baada ya siku chache nyumba zilizokwisha kukauka hupata ugonjwa wa kuhara.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kujenga na kulima ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ni njema. Lakini mimi nawajua wakaao ndani ya mita hizo: mwuza samaki, mponda kokoto, mjane mwenye wajukuu wanne. Hawakwenda huko kwa kuidharau sheria. Walikwenda kwa kuwa kiwanja cha bondeni kilikuwa na bei waliyoiweza, na soko la karibu halidai nauli. Mtu awaambiaye wahame bila kuwaonyesha mahali, amesema nusu ya neno.

Na sasa habari ya maonyo. Mambo ya hali ya hewa katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki yaliongozwa zamani kutoka Nairobi, hata Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Siku hizi Mamlaka yetu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2019, hutoa habari kwa madaraja: angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Tena Mwanza imewekewa rada iyaonayo mawingu ya mvua yakiwa mbali. Jambo hili ni kubwa katika nchi ya ziwa, kwa maana mvua zetu hazina utii: usiku upepo wa nchi kavu huyakusanya mawingu juu ya maji, na mchana upepo wa ziwa huyasukuma kuelekea milimani. Nami nasema kweli, matangazo haya yamekuwa bora kuliko yale niliyoyasikia utotoni, ambayo tuliyacheka redioni. Anayeyacheka leo hajayasikiliza.

Lakini tangazo husema "Mkoa wa Mwanza". Halisemi "Mirongo, saa tisa na robo". Tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi ya Jumapili, matope na mawe yaliteremka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Vuli ile ilikuwa imetangazwa tangu Agosti kuwa ya mvua nyingi kwa ajili ya El Nino. Tangazo lilikuwa la kweli. Ila tangazo la msimu haliwezi kumtikisa bega mtu aliyelala.

Zamani kazi ya kutikisa bega ilikuwa ya mwano. Mwano ni ukelele wa hatari wa Kisukuma. Mtu aliyeibiwa ng'ombe aliupiga; jirani aliyeusikia hakuuliza kwanza ni nani, aliupokea na kuupeleka mbele, na kwa njia hiyo ukaenda kutoka mji hata mji upesi kuliko mwizi. Katika miaka ya 1980 sungusungu waliutumia tena. Mwano haukuwa wa mafuriko, lakini ungeufaa mto kama Mirongo kuliko chombo cho chote, kwa kuwa aliye juu ya mto huona maji kabla ya aliye chini. Mjini hatuupokei. Ukelele wa jirani wa mlimani twadhani ni ugomvi wa walevi, tukafunga madirisha.

Deni langu ni hili. Alasiri moja ya masika nilikuwa na watoto darasani. Kwetu Mabatini jua lilikuwa likiwaka. Mawingu meusi yalikuwa upande wa juu, na ngurumo ilisikika mbali. Saa ya kuwaachilia ilipofika nikawaachilia. Nilifikiri: mvua haiko hapa. Wengi walipita darajani. Mvulana mmoja, wa miaka tisa, alishuka avuke kwa njia ya mkato, kama alivyovuka siku zote, na maji yakaja. Hayakuja kama mto ujaavyo kidogo kidogo; yalikuja kama ukuta, yakiwa na matairi na magogo ndani yake. Kijana msukuma mkokoteni alimkamata kwa ukosi wa shati, akashika nguzo kwa mkono wa pili. Mtoto alipona. Mama yake alikuja kunishukuru kwa kuwa nilikimbilia pale, nami sikuweza kumwambia siku ile ya kuwa ngurumo niliisikia.

Tangu hapo sina saa moja tu ya kuwaachilia watoto. Wakati wa mvua humpigia simu kwanza mwalimu mwenzangu aliye upande wa juu, nikamwuliza, "Mwalimu, kwenu kumenyesha?" Akisema ndiyo, watoto hukaa. Husoma, huimba, wakubwa huwasaidia wadogo kwa hesabu ya ndoo, nami hutuma mtu darajani kuutazama mstari tulioupaka rangi ukutani. Maji yakiwa juu ya mstari, hapana aondokaye. Baadhi ya wazazi wamenikasirikia, kwa maana moto haujawashwa na mtoto mchanga hana wa kumbeba. Baba mmoja alikuja akasimama mlangoni, jua likiwa limewaka tena na mawingu yamekwisha, akanionyesha mbingu kwa kidole. Nikamwomba twende pamoja mpaka darajani. Tulisimama pale karibu nusu saa kabla ya mstari kuonekana, kisha akarudi pamoja nami kumchukua binti yake.