Trela na Leseni Yake

Mlolongo, mji ulio katika kaunti ya Machakos, ulipewa jina na foleni ya malori yaliyokuwa yakingoja zamu ya mizani kando ya barabara ya Mombasa. Njia hiyo hupitisha shehena ya bandari kuelekea Nairobi, Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo, na viwanda vya saruji vya Athi River huongeza malori yao wenyewe. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu lori la trela lenye ekseli saba kufikisha tani 56. Swali la nani apewe usukani wa uzito huo, na kwa mtihani gani, linawahusu watu wa Machakos kila wanapovuka barabara.

Trela ni gari lisilo na injini, ila Kenya hulisajili peke yake na kulipatia namba inayoanza na Z, mbali na namba ya kichwa, yaani gari lenye injini linalolivuta. Aina inayoonekana zaidi hulala juu ya kichwa: pini nene ya chuma iliyo chini ya tumbo la trela huingia katika sahani iliyo mgongoni mwa kichwa na kufungwa humo. Aina nyingine husimama kwa magurudumu yake yenyewe na kuvutwa kwa mtaimbo. Kiungo hicho ndicho kinachomfanya dereva hodari wa lori la kawaida awe mwanafunzi upya.

Tuseme lori la trela limetoka Nairobi na linataka kukata kushoto pale Kyumvi, liingie barabara ya Machakos mjini. Magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya magurudumu ya mbele. Hukata kona kwa ndani. Kwa hiyo dereva husogea kulia kwanza, kisha ndipo akate kushoto. Mwenye bodaboda akiona nafasi imefunguka upande wa kushoto hujipenyeza humo, na ubavu wa trela unamfunga kidogo kidogo, tairi baada ya tairi. Dereva ambaye hakufundishwa kutazama kioo cha kushoto mpaka trela lote limalize kona hatamwona. Kurudi nyuma nako kuna kanuni yake: usukani ukikatwa kulia, mkia wa trela huenda kushoto.

Breki ndizo zenye hatari kubwa zaidi. Kichwa hupeleka upepo kwenye trela kwa mipira miwili. Mpira wa kulisha ukichomoka, breki za trela hujifunga zenyewe. Kwenye mteremko mrefu, dereva anayekanyaga breki muda wote huzichemsha mpaka zikose nguvu. Aliyefunzwa huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, akaiacha injini ilizuie lori. Na magurudumu ya kichwa yakijifunga barabara ikiwa na utelezi, trela husukuma kutoka nyuma na lori zima hujikunja kama kisu cha mfukoni. Madhara ya lori kuponyoka tumeyaona: tarehe 30 Juni 2023, lori lililobeba kontena liliacha njia kwenye makutano ya Londiani, Kericho, likavamia wafanyabiashara na abiria; zaidi ya watu 50 walikufa.

Kwenye karatasi, Kenya imekwisha kujibu swali la nani apewe usukani. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ina daraja la CE kwa lori zito lenye trela, mbali na C1 na C za malori yasiyovuta kitu. Lakini mafunzo yenyewe kwa wengi huanza kwenye ubao wa mji wa mfano, ambapo mwanafunzi husukuma kigari cha kuchezea kuzunguka raundabauti na kutaja nani apite kwanza. Ubao huo hufundisha sheria vizuri. Hauna trela. Madereva wengi wa njia ndefu walijifunza wakiwa tanboi, yaani wasaidizi wa dereva, kwa kumtazama bosi wao na kushika usukani usiku barabara ikiwa nyeupe, na makosa ya bosi wakayarithi pamoja na ujuzi wake.

Uingereza imepita njia ya kinyume. Waliopata leseni ya gari dogo kuanzia 1 Januari 1997 walilazimika kufanya mtihani wa ziada ili wavute trela kubwa. Tarehe 16 Desemba 2021 mtihani huo ulifutwa, ili watahini wapate muda wa kuwapima madereva wa malori, waliokuwa haba. Naona ni akiba ya gharama kubwa. Trela dogo likipakiwa mzigo mwingi nyuma huanza kuyumba na kuivuta pikapu kutoka kwenye njia yake. Pikapu zinazokokota jenereta au tangi la maji hukutana na hatari hiyohiyo hapa kwetu.

Mtihani wa CE unaofaa ufanyike uwanjani, kwa trela lenye mzigo. Mtahiniwa alifungue na kulifunga tena mwenyewe, alivute kidogo huku breki zake zimefungwa ili ajue pini imeshika, ashuke kukagua mipira ya upepo na taa, alirudishe nyuma kati ya nguzo mbili, kisha atoke barabarani ashuke mteremko wa kweli mtahini akiwa kiti cha pili.