Bahati ya Waayalandi: Sifa au Kejeli?

Kila ifikapo tarehe 17 Machi sisi tunaoishi ughaibuni hushuhudia miji ya watu ikigeuka kijani. Wenzetu wa Chicago tangu mwaka 1962 huutia mto wao rangi, na wanaoifanya kazi hiyo ni mafundi bomba, jambo ambalo mimi kama mhandisi hulifurahia. Siku hiyo ndipo usemi wa Kiingereza kuhusu "bahati ya Waayalandi" unapovuma. Watoto wetu huurudia shuleni na kuchora klova ya majani manne kwenye kadi, ingawa jani la Waayalandi wenyewe, shamroki, ni la vidole vitatu tu. Swali langu ni dogo: watu hawa wamefanya nini, au wamefanyiwa nini, hata wakapewa sifa ya kuzaliwa na nyota njema?

Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba usemi huo ulienea Marekani karne ya 19, enzi za mbio za dhahabu na fedha huko magharibi. Mwaka 1859 iligunduliwa Nevada hazina ya madini ya fedha iliyoitwa Comstock. Mwaka 1873 watu wanne walifikia, zaidi ya futi 1,000 chini ya ardhi, mwamba mnono kuliko yote iliyopata kuonekana pale. Wanne hao ni John Mackay, James Fair, James Flood na William O'Brien. Watatu walizaliwa Ayalandi, na Flood alizaliwa New York na wazazi wa Kiayalandi. Wakaitwa Wafalme wa Fedha. Wenyeji walipoona utajiri umewaangukia watu waliozoea kuwadharau, wakasema ni bahati tu. Kwa maneno mengine, akili hawana.

Tumwangalie Mackay kidogo. Aliletwa New York akiwa mtoto wa miaka 9, baba akafariki, naye akaenda kujifunza kazi kwenye kiwanda cha meli. Alihangaika miaka kadhaa California bila kupata cha maana, kisha akaingia Nevada na kufanya kibarua cha mgodini kwa dola 4 kwa siku. Migodi ya Comstock ilikuwa na maji ya moto yanayochuruzika ukutani, na udongo laini uliohitaji kushikiliwa kwa fremu za mbao, vinginevyo mlima ungewaangukia. Mackay aliusoma mwamba ule kwa mikono yake kwa zaidi ya miaka 10. Fair naye alikuwa msimamizi wa migodi aliyeijua kazi yake. Flood na O'Brien walikuwa na baa San Francisco, na baa ndiyo iliyokuwa redio ya wakati ule: habari za hisa zote zilipita pale. Mimi hapo naona ufundi na masikio makali. Bahati ipo, sikatai, lakini ilimkuta mtu ameshika sururu.

Jambo jingine ni hesabu. Sisi wahandisi tunafundishwa kwamba ukitaka kujua uimara wa kitu usitazame vilivyosimama peke yake, utazame na vilivyoanguka. Mvuvi aliyerudi na samaki ndiye anayesimulia pwani. Aliyezama hana wa kumsimulia. Mwaka 1832, huko Pennsylvania, vibarua 57 wa Kiayalandi waliajiriwa kuchimba sehemu moja ya njia ya reli inayoitwa Duffy's Cut. Walikuwa wametoka melini muda si mrefu. Katika wiki chache wote wakafa, wengi kwa kipindupindu, wakafukiwa kandokando ya reli bila kaburi la maana. Mabaki yalianza kufukuliwa mwaka 2009, na baadhi ya mafuvu yalionyesha dalili za kupigwa. Mwaka huohuo wa 1832 kule New Orleans ulianza kuchimbwa mfereji katikati ya kinamasi, na maelfu ya Waayalandi walikufa humo kwa homa ya manjano na kipindupindu. Hao hakuna aliyewaita wafalme wa chochote.

(Sifa za namna hii sisi tunazijua. Dunia inasema Wakenya wamezaliwa na mbio miguuni. Mwaka 1976 Brother Colm O'Connell, Mwayalandi, alifika Iten kufundisha jiografia, naye hakuwa na mafunzo yoyote ya riadha. Akajifunza akiwa pale pale, akiwatazama wanafunzi wake wanavyokimbia. Miongoni mwa aliowalea ni David Rudisha, aliyeshinda mita 800 London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Watangazaji hawakuchoka kusema ni damu.)

Turudi Ayalandi kwenyewe, maana huko ndiko habari ilikoanzia. Kabla ya mwaka 1845 karibu theluthi moja ya watu wa kisiwa kile walikula mbatata, viazi ulaya kama wanavyoviita wabara, karibu kila siku na karibu bila kitu kingine. Ardhi ilikuwa ya mabwana, wengi wao Waingereza au wenye asili ya Uingereza, na mkulima alipewa kijishamba ambacho hakuna zao jingine lingeweza kulisha familia ndani yake. Tena wengi walipanda aina moja tu, iliyoitwa lumper. Mbatata hupandwa kwa kukata kiazi, kwa hiyo mimea yote ilikuwa nakala ya mmoja. Ni nyumba ya nguzo moja. Ukungu ulipofika kutoka ng'ambo mwaka 1845 uliozesha sehemu kubwa ya mavuno, na mwaka uliofuata ukaozesha karibu yote.

Ukungu si kosa la mtu. Ila nafaka na mifugo iliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza wakati watu wanakula majani, na maofisa wa London waliamini soko litajirekebisha lenyewe. Wenye njaa waliwekwa kuvunja mawe na kujenga barabara zisizokwenda popote ili wapate ujira wa kununulia unga. Mhandisi akisoma habari za barabara zile moyo unamuuma. Kufikia mwaka 1852 watu takriban milioni 1 walikuwa wamekufa na wengine zaidi ya milioni 1 wamehama. Sensa ya mwaka 1841 ilihesabu watu milioni 8.2, ya mwaka 1851, milioni 6.5.

Misaada ilitoka mahali pasipotarajiwa. Sultani Abdülmecid wa Uturuki alitoa pauni 1,000 mwaka 1847. Mwaka huohuo Wahindi Wekundu wa kabila la Choctaw, ambao miaka 16 tu nyuma walianza kufukuzwa kwenye ardhi yao na wengi wakafa njiani, walichanga dola 170. Waayalandi hawajausahau mchango huo mpaka leo.

Waliohama tunaweza kuwaelewa sisi kuliko watu wengi. Usiku wa kuagana walifanya kile walichokiita matanga ya Marekani: ngoma, vinywaji, kisha kilio, kama mtu aliyekufa, kwa sababu mzazi alijua hatamwona tena mwanawe. Kisha zikaanza barua zenye hela ndani. Dada akimlipia nauli mdogo wake, mdogo akimlipia mwingine. Jirani aliyeiona bahasha alisema familia ile ina bahati, kama kwetu wanavyosema fulani kaula, yuko Ulaya. Dada alikuwa anapiga deki nyumba ya watu Boston saa kumi na moja alfajiri.

Cha kuchekesha ni kwamba baadaye wajanja wa Dublin waliigeuza bahati kuwa bidhaa. Mwaka 1930 ilianzishwa bahati nasibu kwa ajili ya hospitali, ikitegemea mbio za farasi, na mmoja wa waasisi watatu, Spencer Freeman, alikuwa mhandisi mzaliwa wa Wales. Tiketi ziliuzwa kwa magendo Uingereza na Marekani, ambako zilikatazwa. Manesi waliovaa sare ndio waliopita mbele ya umma siku ya droo. Ilidumu hadi mwaka 1987. Washindi wengi walikuwa wageni, hospitali zilipata sehemu ndogo kuliko watu walivyodhani, na waliotajirika kwa uhakika ni waendeshaji. Hiyo ndiyo bahati pekee ya Kiayalandi niliyoiona ikifanya kazi kila msimu bila kukosa.

Hapa Uingereza jina lao liliwaletea nuksi. Baada ya mabomu ya Birmingham ya mwaka 1974, Waayalandi sita walifungwa maisha mwaka uliofuata kwa kosa ambalo hawakulitenda. Walitoka Machi 1991.

Je, mafanikio ya miaka ya 1990? Elimu ya sekondari ilifanywa bure mwaka 1967, nchi ikaingia Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973, kodi ya makampuni ikashushwa hadi asilimia 12.5 mwaka 2003. Vijana waliosoma bure ndio waliowakuta wawekezaji wa Marekani, wakizungumza nao Kiingereza, lugha ambayo babu zao walilazimika kuifuata. Hapo nakubali kuna chembe ya bahati, iliyolipiwa bei mbaya. Mwaka 2008 mabenki yakaporomoka, mwaka 2010 serikali ikapokea mpango wa mkopo wa euro bilioni 85, na vijana wakapanga tena mabegi, safari hii kwenda Australia na Kanada.

Sensa ya Jamhuri ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5. Ukijumlisha na wale milioni 1.9 wa Ayalandi ya Kaskazini waliohesabiwa mwaka 2021, kisiwa kizima kina watu milioni 7 na kidogo. Idadi ya mwaka 1841 bado haijafikiwa.